Kwa Nini Umeniandika?

Nilikuwa na wiki tatu tu kazini pale kaka mmoja aliponijia mezani na kikombe chake cha chai, akavuta kiti, akakaa. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, Kijitonyama, Dar es Salaam, na dirisha langu linaangalia barabarani, kwa hiyo sauti za makonda huingia siku nzima bila hodi. Alisubiri daladala moja ipite. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ambayo mtu mzima huitumia akiwa hataki kukuaibisha mbele za watu: "Mdogo wangu, nimekukosea nini mpaka uniandike?"

Sikumwelewa kabisa. Nilichofanya ni kufungua tiketi, yaani kuandika tatizo kwenye programu ambayo ofisi inaiona, ili mtu apewe alirekebishe. Risiti za mfumo wetu wa ada za shule zilikuwa zinakata majina marefu, mtoto mwenye majina matatu anatoka na mawili na nusu, nikaeleza hivyo kwenye programu ya tiketi. Chini yake palikuwa na sehemu inayouliza kazi hii apewe nani. Nikachagua jina lake, kwa sababu risiti alizitengeneza yeye. Chuoni tulifundishwa hivyo, na mtihani niliufaulu.

Alichokiona yeye ni kingine. Aliona jina lake pembeni ya neno lenye rangi nyekundu, kwenye ukurasa ambao bosi huufungua kila asubuhi kabla hajaagiza supu. Na aliyemweka pale ni kijana ambaye juzi tu alikuwa anauliza choo kiko upande gani.

Nilimwomba radhi, maana ndivyo nilivyolelewa. Tiketi sikuifuta. Imepita miaka kadhaa, nimefungua tiketi mamia kwa mamia, na bado naona kwamba swali lake lilikuwa zito kuliko vyote nilivyofundishwa chuoni kuhusu kazi hii.

Hebu kumbuka ni wapi mwenzako aliandika jina lako kwa mara ya kwanza. Mimi ni darasa la tatu. Mwalimu katoka, kiranja kashika karatasi, juu kaandika "Wapiga kelele", chini yanafuata majina. Ukiongea tena unaongezewa alama ya mara mbili. Ukibisha kwamba hukuongea, huko kubisha nako ni kelele. Tukakua. Dukani kwa Mangi ukaandikwa kwenye daftari la mkopo, na kila ukipita unavuka upande wa pili wa barabara. Polisi wakikuandika, mwenzako anaondoka na namba ya RB mfukoni, na kuanzia hapo nyinyi si majirani tena, ni mlalamikaji na mlalamikiwa. Kazini ukisikia fulani "kaandikiwa barua", huulizi barua ya nini. Mambo ya heri tunaambiana kwa mdomo. Kosa likiwa dogo mnaitana pembeni, yanaisha. Likifika kwenye karatasi, maana yake mmeshindwana.

Sasa mchukue mtu aliyekulia humo, mpe programu ambayo kazi yake yote ni kuandika tatizo na pembeni yake jina la mtu, halafu mwambie aende na mtu huyohuyo wakale wali maharage saa saba mchana kama vile hakuna kilichotokea.

Zana hizi kwa kweli hazikuanza na majina ya watu. Zilianza na mdudu. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Harvard Mark II, mashine ya swichi za umeme iliyojaza chumba, walimkuta nondo amebanwa ndani ya swichi namba 70 kwenye paneli F. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi la siku hiyo, wakaandika kwamba hii ndiyo mara ya kwanza mdudu amepatikana kweli. Ulikuwa utani wa mafundi: hitilafu ya mashine ilikuwa ikiitwa "mdudu" (bug, kwa Kiingereza) tangu enzi za Thomas Edison, miaka ya 1870, ila safari hii mdudu alikuwa na mabawa. Daftari limehifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian huko Marekani, nondo bado yumo. Mimi nikiitazama picha yake naona tiketi iliyokamilika: tarehe, saa, mahali, maelezo, na kiambatisho. Kwa Kiswahili cha mtaani hizo zote ni nondo. Kisichokuwepo ni jina la wa kulaumiwa.

Ninaowaonea wivu zaidi ni watu wa Debian, wanaotengeneza mfumo endeshi wa bure wa Linux, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta. Tangu 1994 wana utaratibu wa tiketi unaotumia barua pepe: kila kasoro ina namba, kila namba ina anwani yake, na unachokituma kinasomwa na yeyote duniani. Mwaka 1997 wakajiwekea mkataba na jamii ya watumiaji wao, na moja ya ahadi zake ni kwamba hawataficha matatizo. Daftari lao la kasoro litabaki wazi kwa wote, wakati wote. Waliapa kabisa. Wahenga wetu nao walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sikumbuki wakisema maradhi yabandikwe ukutani na jina la mgonjwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1998 kampuni ya Netscape ilipoamua kuutoa hadharani msimbo wa kivinjari chake, yaani maandishi yanayounda programu yake ya kufungulia tovuti, Terry Weissman akatengeneza programu ya tiketi, Bugzilla, ili kasoro zipate pa kukaa. (Msimbo ndilo neno la vitabuni. Ofisini tunasema "kodi", na kila mgeni hudhani tumevamiwa na TRA.) Mwaka 2002 kampuni ya Atlassian ya Australia ikaleta Jira, jina lililokatwa kutoka Gojira, ambalo ndilo jina la Kijapani la dubwana Godzilla, walikuwa wanaitania Bugzilla. GitHub, tovuti ambako waandika programu huweka msimbo wao pamoja na tiketi zake, ikafunguliwa 2008. Mimi nilizikuta zote zipo, kama mtoto anayekuta nyumba ina friji na kudhani friji zilikuwepo tangu Adamu.

Ofisini kwetu, kabla ya kutumia hata moja ya hizo, tulikuwa na grupu la WhatsApp.

Kazi yetu ni mfumo wa ada. Mzazi analipa kwa simu au benki, mhasibu wa shule anaona kwenye kompyuta yake nani amelipa na nani bado. Shule zinafungua Januari, kwa hiyo Januari kwetu ni mwezi wa mavuno na wa mateso, vyote kwa pamoja. Kipindi cha grupu, tatizo lilikuwa linafika hivi: ujumbe wa sauti wa dakika tatu, sekunde arobaini za mwanzo ni salamu, katikati inapita honi ya bajaji, na mwishoni kabisa ndipo unasikia "mfumo unasumbua, angalieni". Anajibu wa kwanza: "Nimeona mkuu." Wa pili: "Nimeona." Wa tatu anaweka kidole gumba. Watatu wameona, hakuna aliyeshika. Ndani ya saa moja tatizo limeshafunikwa na mchango wa harusi, taarifa ya msiba na picha ya gari linalouzwa Tegeta. Mwezi ukipita, ukitaka kujua mliamua nini na nani aliamua, huna pa kutafutia. Sauti haitafutiki. Mali bila daftari huisha bila habari, na maamuzi ni hivyohivyo.

Lakini grupu nalipa haki yake. Mle ndani kila mtu alikuwemo: waandika programu, dada wa dawati la wateja, mhasibu wetu, hadi dereva. Dereva ndiye anayepeleka mashine za risiti mashuleni, na zaidi ya mara moja ndiye aliyetuambia kwamba shule fulani kumbe haina tatizo la mfumo, haina umeme.

Tulipohamia kwenye programu ya tiketi, tulichagua Jira, kwa sababu ina mpango wa bure kwa timu isiyozidi watu 10. Sisi tulikuwa 14. Kulipa kwa dola kila mwezi kwa kila kichwa, bosi alikataa kwa uso tu, hakuhitaji maneno. Nafasi kumi wakapewa "watu wa mfumo". Dada wa dawati na wenzake watatu wakabaki WhatsApp, na kijana aliyekuwa kwetu kwa fildi akapewa kazi ya kuyabeba maneno yao na kuyaingiza kwenye tiketi. Kwa Kiingereza. Bosi alitaka tiketi zote ziwe Kiingereza ili siku mwekezaji akija azisome. (Hajaja.)

Hapo ndipo inapoingia tiketi namba 212, ambayo ilifungwa mara tatu kabla ya kupona. Aliyeifunga mara ya tatu ni mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa Februari. Mhasibu wa shule moja alipiga simu akiwa moto: kuna wazazi wana meseji za malipo kwenye simu zao, pesa imetoka, lakini yeye kwenye ripoti ya mwezi haoni kitu. Mtoto mmoja alikuwa amesharudishwa nyumbani kwa ada. Dada wa dawati akampoza, akaandika kwenye grupu: mzazi amelipa saa saba, mhasibu haioni. Kijana wa fildi akaichukua sentensi hiyo, akaitafsiri kwa uaminifu wote, saa saba ikawa 7:00.

Msomaji wa Kiswahili ameshaliona shimo. Kaka yangu wa risiti ndiye aliyepewa tiketi. Akaenda kwenye kumbukumbu za seva, ile kompyuta kuu inayotunza malipo yote, akatafuta malipo ya saa 7:00 asubuhi, akakuta pametulia kama msikiti usiku. Akaandika kwamba hakuna muamala wa saa hiyo, akafunga. Mhasibu akapiga tena, tiketi ikafunguliwa. Mwandika programu mwingine, mjanja kidogo, akawaza: hawa watu wa dawati wakisema saa saba wanamaanisha ya Kiswahili. Akatafuta 13:00, saa saba mchana, watu wote wakiwa kwenye wali maharage. Hakuna. Akafunga. Mhasibu akapiga mara ya tatu, sasa akiomba kuongea na "mtu mkubwa", na tiketi ikaja kwangu.

Mimi nilijiona nina akili kuliko wote. Saa niliziacha, nikatafuta kwa jina la mwanafunzi. Malipo haya hapa! Yapo, kiasi ni kilekile, tarehe 31 Januari. Nikapiga picha ya skrini, nikaiambatisha, nikaandika kwamba malipo yanaonekana, kwangu mfumo unafanya kazi. Nikafunga tiketi, nikaenda kunywa juisi ya miwa.

Bugzilla huwa na alama rasmi kwa ajili ya jibu hilo. Tiketi inafungwa kwa muhuri unaosema "kwangu inafanya kazi". Wataalamu waliona neno hili litatumika sana wakaliwekea kitufe. Mimi sasa kila nikilisoma naona aibu ile ya Februari, maana sentensi hiyo ni ya kweli na haina msaada wowote. Ni sawa na fundi anayemwambia mteja kwamba bomba la nyumbani kwake yeye halivuji.

Siku zikaenda. Kisha mmoja wetu akaacha kazi, na nafasi ya kumi ikabaki wazi. Sijui ni nani aliyesema apewe dada wa dawati. Nadhani ni kijana wa fildi, ambaye alikuwa amechoka kuwa mkalimani. Asubuhi ya kwanza ya dada kuwa na jina lake mwenyewe ndani ya programu, hakufungua tiketi mpya. Alikwenda kuisoma 212 toka juu hadi chini, zile kufungwa zote tatu, kisha akaandika kwa Kiswahili, bila kumwomba mtu ruhusa:

"Habari za asubuhi. Nimesoma maelezo yote, poleni na kazi. Naomba kuuliza. Wazazi wote wanne walionipigia walilipa usiku, baada ya saa sita. Mmoja ni nesi, alikuwa zamu. Mwingine ana bodaboda, huwa anahesabu hela akisharudi nyumbani. Waliolipa mchana hakuna aliyelalamika. Halafu meseji zao zinasema tarehe 1, sisi tunaonyesha 31. Ni sawa?"

Ni sawa? Niliisoma nikiwa nimesimama. Haikuwa sawa. Seva yetu ilikuwa inatunza saa za dunia, zile za Greenwich, nasi tuko saa tatu mbele. Mzazi akilipa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1, simu yake inasoma Februari, lakini kwa seva bado ni saa nne usiku wa tarehe 31 Januari. Ripoti ya Januari mhasibu alishaichapa jioni ya 31 na kuifungia kabatini. Ya Februari haina malipo hayo, kwa sababu kwa hesabu ya seva ni ya Januari. Pesa ilikuwepo, ila ilikuwa imeangukia kwenye ufa kati ya miezi miwili. Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko foleni ya Mwenge. Kuliona ndiko kulikochukua wiki mbili na nusu, na aliyeliona hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu.

Nimelitafakari hili mara nyingi nikiwa kwenye mwendokasi, nimebanwa mlangoni, sina la kufanya ila kufikiri. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande. Mhasibu alikuwa na ripoti. Mzazi alikuwa na meseji. Kaka alikuwa na kumbukumbu za seva, mimi nilikuwa na ukurasa wa mwanafunzi, na dada alikuwa na sauti za watu wanne masikioni mwake. Vipande vilikuwa ofisi moja, meza hazipishani hatua kumi, na bado havikukutana, kwa sababu pale pa kukutania tulipageuza kituo cha polisi: mlalamikaji anaandikisha, mlalamikiwa anajitetea, kesi inafungwa. Sote watatu tulifunga 212 kwa kujitetea. Ukisoma maneno yetu leo utaona wazi, kila mtu anathibitisha kwamba kosa si lake. Dada pekee ndiye aliyeuliza.

Mambo mawili yalibadilika baada ya hapo, na hakuna aliyetoa tangazo. La kwanza, lugha. Amri ya Kiingereza haikufutwa, ilikufa tu. Watu wa dawati wakaanza kuandika Kiswahili, nasi tukawajibu kwa Kiswahili, na nikagundua wenzangu ambao kwa Kiingereza tiketi zao zilikuwa maneno manne, kwa Kiswahili wanaandika aya nzima yenye kila kitu ndani: alibonyeza nini, alitegemea nini, kikatokea nini. Hayo matatu ndiyo roho ya tiketi popote duniani. Tulikuwa tunayakosa kwa sababu tuliwataka watu waeleze maumivu kwa lugha ya mtihani. Saa tunaandika za aina zote mbili, "saa saba usiku, 01:00", hata kwenye meseji za kawaida sasa imekuwa tabia, mke wangu ananicheka.

La pili, salamu. Mwenzetu mmoja alipendekeza zipigwe marufuku, kwamba "Habari za asubuhi" kwenye tiketi ni kupoteza nafasi. Nilimpinga, na nina sababu yangu. Nikiwa chuo niliwahi kufungua tiketi kwenye mradi mmoja wa nje, programu ya bure niliyokuwa naitumia. Niliandika salamu, nikajitambulisha, nikawashukuru kwa kazi nzuri, nikawatakia heri, na mwishoni nikataja tatizo. Jibu likaja baada ya saa mbili, maneno machache tu: toleo gani, hatua zipi. Bila habari yako, bila asante. Nilijisikia kama mtu aliyebisha hodi akafunguliwa dirisha. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu yule hakunidharau. Aliniheshimu kwa namna ya kwao, yaani alilichukua tatizo langu moja kwa moja na kulifanyia kazi. Ninaelewa. Hata hivyo kwetu maneno mawili ya salamu yanafanya kazi ambayo hakuna kitufe kinachoiweza: yanasema kinachofuata si mashtaka. Kaka yangu wa risiti angesoma "Habari kaka, pole na majukumu" juu ya ile tiketi yangu ya kwanza, asingekuja na kikombe cha chai.

Halafu tukaiharibu tena, maana sisi ni watu. Bosi aligundua kwamba programu inaweza kuchora grafu. Ghafla kwenye kikao cha Jumatatu ukutani pana michoro: fulani amefunga tiketi ngapi, fulani ngapi, na nani zimemlalia muda mrefu. Hakuwa na nia mbaya, nadhani alifurahia rangi. Ndani ya mwezi mmoja kazi moja ya siku mbili ilikuwa inakatwa tiketi tisa kama samaki wa Feri anayeuzwa kwa vipande. Ngumu zote zikakosa mwenyewe. Na kilichoniuma zaidi, watu wakaacha kufunguliana tiketi. Wakarudi kuitana pembeni, "kaka hii kitu irekebishe kimyakimya, nisikuandike". Karatasi ya kiranja ilikuwa imerudi darasani. Hakuna aliyemwambia bosi. Mhasibu wetu ndiye aliyemaliza, alipouliza kwenye kikao, kwa upole wake wote, kama na yeye atapimwa kwa idadi ya risiti alizochana. Jumatatu iliyofuata ukuta ulikuwa mweupe.

Tiketi kukaa muda mrefu si ugonjwa, hilo nalo ningependa wakubwa walijue. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, yule wa Afrika Kusini aliyeanzisha Ubuntu, mfumo mwingine wa bure wa Linux, alifungua tiketi namba 1 ya mradi wake. Kasoro aliyoiandika haikuwa ya programu: alilalamika kwamba Microsoft imeshika sehemu kubwa ya soko. Ilikaa wazi hadi Mei 2013 ndipo akaifunga, akieleza kwamba simu na kompyuta kibao zimeshabadilisha hali. Karibu miaka tisa watu waliipita, wakachangia, wakabishana, wakataniana chini yake. Grafu ya bosi wetu ingemtoa jasho Shuttleworth.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopata taabu zaidi. Jumatatu tukafika ofisini, bando zimejaa, intaneti hakuna. Programu ya tiketi iko ng'ambo huko, haifunguki. Tukakaa tukitazamana. Kaka yangu wa risiti ndiye aliyesimama, akachukua karatasi za A4, akazikata nne nne, akachukua utepe wa kufungia maboksi. Kila aliyekumbuka tiketi yake akaiandika kwa kalamu na kuibandika ukutani. Ilikuwa siku nzuri, nakiri. Tuliongea kuliko wiki nzima, dereva naye akabandika zake mbili. Jioni feni iliangusha nusu ya ukuta, na mfanyakazi wa usafi, kwa nia njema, akafagia.

Lakini kabla ya feni nilimwona kaka akiandika karatasi moja na kuitazama kwa muda. Ilihusu hesabu ya punguzo la ada kwa ndugu wawili shule moja. Alikuwa ameigundua mwenyewe njiani, akiwa kwenye daladala, kwamba alikosea tangu mwaka juzi. Hakuna mwingine aliyejua. Chini ya karatasi, mahali pa jina, akaandika lake. Akaibandika katikati kabisa, akaenda kuchukua chai.

Nilikuwa na picha ya ule ukuta kwenye simu, na ndiyo iliyotuokoa intaneti iliporudi.

Jumanne iliyopita nimechelewa, mvua ilinyesha na Jangwani palijaa maji kama kawaida yake. Nimeingia viatu mkononi. Kaka alikuwa kwenye meza yake, chai pembeni, chapati mbili kwenye karatasi, moja ameisogeza upande wangu.

"Mdogo wangu," akasema, "nimekuandika."

"Namba ngapi?"

Akanitajia. Nikaifungua kabla sijaketi. Ilianza na "Habari za asubuhi."